Wapi, Lini, Kiasi Gani: Kuhakiki Maswali na Hotuba za Zitto Kabwe

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Mbarara tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Hotuba ya mbunge haimo katika vitabu teule, na nilipotaja kwamba nataka kuiandikia insha, mwenzangu mmoja wa darasa aliuliza kama mwaka ujao tutahakiki matangazo ya mnada. Sikuona ubaya wa kuhakiki matangazo ya mnada. Lakini Bunge lina sababu yake. Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania, ambazo wengi huziita Hansard, ni mojawapo ya hazina kubwa za Kiswahili cha hoja. Humo watu wazima wenye mamlaka hubishana kuhusu fedha, madini, maji na shule, siku baada ya siku, na kila kinachosemwa huandikwa. Uganda hakuna kitu cha namna hiyo. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo mbunge wa Isingiro akisimama Kampala husema Kiingereza. Sisi wa Nakivale, ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda kwenye foleni moja, tunayapata aliyosema kwa tafsiri ya redio au ya jirani.

Mbunge niliyemchagua ni Zitto Zuberi Kabwe. Aliingia Bungeni mwishoni mwa mwaka 2005 akiwa na miaka 29, kwa tiketi ya CHADEMA, akiwakilisha Kigoma Kaskazini. Alikaa huko miaka kumi, akahamia ACT-Wazalendo mwaka 2015, kisha akawa mbunge wa Kigoma Mjini hadi mwaka 2020. Amesema juu ya dhahabu, umeme, hesabu za mashirika ya umma, fedha zilizofichwa nje, mauaji ya raia na elimu ya wasichana. Upana huo peke yake ungetosha. Lakini kuna na jiografia. Kwa mtu aliyezaliwa Kivu Kusini, Kigoma si mahali pa mbali: ni ng'ambo, ni bandari ambako boti za kwetu zilikuwa zikienda kununua na kuuza. Kiswahili cha huko kinakaa katikati ya kile tunachofundishwa darasani na kile tunachoongea New Congo.

Kabla sijafika kwa Zitto, inabidi niseme neno juu ya umbo la swali la Bunge, kwa sababu ni utanzu kamili wenye kanuni zake kama zilivyo za shairi la tarbia. Swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi na hupewa namba. Mara nyingi huanza na sababu: kwa kuwa hivi, na kwa kuwa vile, halafu huja kiulizi chenyewe, je, Serikali ina mpango gani? Waziri au naibu wake husimama, hutaja jina la mwulizaji na jimbo lake, huahidi kulijibu swali lenye sehemu (a) na (b) kama ifuatavyo, kisha hujibu. Mwulizaji hushukuru kwa majibu mazuri, hata yakiwa mabaya, na huomba kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Utanzu huu una misamiati yake ya kudumu: upembuzi yakinifu, mchakato, Serikali iko mbioni, kadiri fedha zitakapopatikana. Msomaji akipitia kurasa ishirini za asubuhi moja anaweza kuikamilisha sentensi ya naibu waziri kabla hajaimaliza mwenyewe.

Tatizo la umbo hili liko katika maneno mawili, "mpango gani". Anayeulizwa ana mpango gani hawezi kukosa jibu, kwa sababu mpango ni kitu kinachoweza kuwepo bila kuwepo kitu kingine chochote. Kisima hakijachimbwa, lakini mpango upo. Daraja limeanguka, lakini mpango upo. Swali limejengwa vizuri kisarufi, limepangwa kwa heshima, na limempa mjibu mlango wa kutokea. Wabunge wengi huuliza hivi miaka mitano mizima, na wananchi wao huwasifu kwa kuwa wameonekana kwenye televisheni.

Zitto hakuwa na umbo jingine. Kanuni ni zilezile. Tofauti yake, katika siku zake nzuri, ni viulizi alivyovitegemea. Badala ya "mpango gani" alikwenda kwenye wapi, lini, nani na kiasi gani. Hivi ni viulizi tunavyofundishwa shule ya msingi, na kila kimoja hudai jibu la aina moja tu. Wapi hudai mahali. Lini hudai tarehe.

Mfano unaojulikana zaidi ni Buzwagi. Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulioko Kahama, na kampuni ya Barrick. Saini ilitiwa London, wakati Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba inapitia upya mikataba ya madini. Zitto alilipeleka jambo hili Bungeni, na mwezi Agosti mwaka huo akatoa hoja ya kutaka iundwe Kamati Teule kulichunguza. Ukiipunguza hoja yake hadi mfupa wake, inabaki "wapi" na "lini". Kwa nini London? Kwa nini sasa? Nadhani hapo ndipo ulipo ufundi wa kweli. Mikataba ya madini imejaa mambo ya mrabaha na nafuu za kodi ambayo mkulima wa Kasulu hawezi kuyapima akiwa shambani. Lakini kila mtu anaelewa maana ya kwenda kutia saini mbali na nyumbani. Mtu anayeuza ng'ombe wa ukoo haendi kuandikiana na mnunuzi wilaya nyingine, na akienda, ndugu zake watamwuliza kwa nini kabla hawajauliza bei.

Yaliyofuata yanafahamika. Mbunge wa Mchinga, Mudhihir Mudhihir, alitoa hoja kwamba Zitto amesema uongo, na Bunge lililojaa wabunge wa CCM likaazimia asimamishwe kuhudhuria vikao kwa miezi kadhaa. Wengi wanaoandika juu ya tukio hili huishia kwenye dhuluma aliyotendewa na umati uliompokea Dar es Salaam. Mimi nataka kukaa kidogo kwenye upande wa lugha. Kanuni za Bunge humkataza mbunge kusema jambo asilo na hakika nalo; swali haliwezi kuwa la uongo, lakini kauli inaweza. Hoja ya kuomba Kamati Teule ni swali lililovaa koti: kazi yake ni kuomba wengine watafute jibu. Zitto aliiwasilisha kwa kauli za moja kwa moja juu ya waziri, na kauli hizo ndizo zilizompa mpinzani wake pa kushika. Kuanzia hapo Bunge halikujadili tena mkataba bali lilijadili mtu. Swali la "kwa nini London" likabadilika kuwa "je, Zitto ni mkweli?", na hilo la pili lilijibiwa kwa kura.

Sisemi hivyo kumlaumu kijana aliyekuwa peke yake dhidi ya ukumbi mzima. Historia yenyewe ilimjibia kwa haraka. Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na akamteua Zitto huyohuyo kuwa mmoja wa wajumbe. Februari 2008 Karamagi alijiuzulu, ingawa kwa sakata jingine, la Richmond, pamoja na Waziri Mkuu Edward Lowassa. Sheria mpya ya Madini ikaja mwaka 2010, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Lakini mhakiki hahakiki matokeo, anahakiki matini. Na matini ya Agosti 2007 ina ufa mahali pale ambapo mwulizaji aliacha kuuliza.

Ukitaka kuona alichojifunza, au niseme alichobadilisha, nenda moja kwa moja hadi Novemba 2014. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, kamati ambayo kwa desturi huongozwa na mpinzani. Makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM, aliyefariki mwaka uliofuata kwa ajali ya helikopta. Ripoti waliyoiwasilisha ilihusu akaunti ya Tegeta Escrow. Akaunti hiyo ilikuwa Benki Kuu, na iliwekewa fedha wakati TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL walipokuwa wakigombana juu ya malipo ambayo shirika lilitakiwa kulipa kwa ajili ya mitambo hata ikiwa imezimwa. Mwaka 2013 fedha zilitoka, zaidi ya shilingi bilioni 306, zikaenda kwa kampuni ya PAP iliyosema imeinunua IPTL.

Mjadala ule ni zawadi kwa mwanafunzi wa sarufi. Ulisimama wote juu ya silabi moja, "za". Ni fedha za nani? Upande wa Serikali, hasa Waziri wa Nishati na Madini Profesa Sospeter Muhongo, ulishikilia kwamba si fedha za umma, ni za mwekezaji, kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Kamati, ikitegemea ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu na uchunguzi wa TAKUKURU, ilisema kwamba humo mlikuwa na fedha za umma. Sisi darasani tunafundishwa kwamba -a unganifu huonyesha umilikaji, halafu tunapewa mifano ya kitabu cha Juma na nyumba ya mwalimu. Hakuna aliyetuambia kwamba -a unganifu inaweza kuwaondoa mawaziri. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba 2014, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa mwezi huohuo, na Muhongo akajiuzulu Januari 2015.

Ninaiona ripoti ile kuwa kazi bora kuliko zote zilizopita mdomoni mwa Zitto, na sababu ni kwamba si yake. Sauti ni ya kamati. Mahali ambapo mwaka 2007 alisema "mimi nasema", sasa anasema kamati ilimwita fulani, kamati ilimwuliza hivi, yeye akajibu hivi. Wabunge wa CCM na wa upinzani wameweka mikono yao humo, kwa hiyo hakuna mtu mmoja wa kumsimamisha. Kuna wanaodai kwamba hotuba nzuri ni ile yenye nafsi ya msemaji ndani yake. Katika mashairi labda. Katika hesabu za umma, nafsi ya msemaji ndiyo mlango ambao adui huingilia.

Katikati ya hotuba hizi mbili kuna nyingine ambazo sizipendi sana. Mwaka 2012 alisema Bungeni kwamba kuna Watanzania wenye fedha chafu katika mabenki ya Uswisi, na Novemba akatoa hoja binafsi ili Serikali ichunguze. Serikali ilimtaka yeye ataje majina. Yeye aliitaka Serikali itafute. Kila upande ukawa unamsubiri mwenzake. Hoja hii ilivuta masikio, na nafahamu ugumu wa kumtaja mtu bila ushahidi wa mahakama, hasa kwa mtu aliyewahi kuadhibiwa kwa kusema. Lakini swali linalomwacha msikilizaji na fumbo bila kumpa hata kiulizi kimoja cha kwenda nacho nyumbani halimsaidii. Anabaki na hisia ya kwamba kuna watu wabaya mahali fulani. Hisia hiyo tunayo tayari. (Miaka minne kabla yake, waziri Andrew Chenge aliziita fedha zake zilizokuwa kisiwa cha Jersey "vijisenti", na neno hilo limeishi kuliko habari yenyewe. Kiambishi kimoja cha udogo kilieleza umbali kati ya kiongozi na mwananchi kuliko hotuba nyingi. Wapinzani hawakuhitaji kuongeza kitu.)

Aprili mwaka huohuo wa 2012 alikusanya saini za wabunge ili kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha matumizi mabaya katika wizara kadhaa. Katiba inataka saini za angalau asilimia 20 ya wabunge na taarifa ya siku 14. Saini zilipatikana, siku hazikutosha, hoja haikuingia ukumbini. Mawaziri walibadilishwa mwezi uliofuata. Ni hotuba ambayo haikutolewa, na ilifanya kazi.

Halafu kuna hesabu ya kutoa. Aprili 2018, nje ya Bunge, mbele ya waandishi wa habari, Zitto alichukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka 2016/17 na kusema hivi: makusanyo ni trilioni 25.3, matumizi ni trilioni 23.8, ziko wapi trilioni 1.5? Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, ila ina sifuri nyingi. Serikali ilieleza kwamba tofauti hiyo ni ya taratibu za kiuhasibu, na maelezo yake yalikuwa marefu mno kiasi kwamba watu wengi walibaki na namba tu. Ninakiri kwamba hapa mbinu ina hatari yake. Namba rahisi ina nguvu ya methali: ikishatamkwa haisikilizi maelezo. Mwulizaji mwenye uaminifu anapaswa kurudi kwenye maelezo na kusema ni yapi anayakubali na yapi hayakubali, na namba ya trilioni 1.5 ilizunguka mitaani zaidi ya mjadala wowote wa maelezo yake.

Kutoka ripoti hizo za ukaguzi likazuka sakata jingine la neno moja. Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alipohojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, alisema kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai akamwita mbele ya kamati ya maadili, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Assad alijitetea kwamba "udhaifu" ni neno la kawaida la ukaguzi. Ni kweli: fungua ripoti yoyote ya ukaguzi, udhaifu umetajwa karibu kila ukurasa. Lakini katika Kiswahili cha kila siku mtu dhaifu ni mtu asiyeweza kitu, na Bunge lilisikia tusi. Mtu akiniuliza kwa nini mwanafunzi wa lugha ajali mambo ya Bunge, nitamwonyesha kisa hiki: Bunge la nchi lilikataa kufanya kazi na mkaguzi wa nchi kwa sababu ya tofauti kati ya istilahi na neno la mtaani.

Mahali panapohusika pia hubadilisha uzito wa sentensi. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Oktoba 2018 Zitto alizungumza na waandishi wa habari kuhusu watu waliouawa Uvinza, mkoani Kigoma, katika mapambano kati ya polisi na wananchi. Alishtakiwa kwa uchochezi, na Mei 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa maneno ya uchochezi kwa mwaka mmoja. Maneno yaleyale ndani ya ukumbi yangepewa jibu au karipio. Nje ya ukumbi yalipewa hukumu. Na kati ya yote aliyowahi kusema, haya ndiyo yaliyohusu watu wa mkoa wake waliokuwa hawana mahali pengine pa kuyasemea.

Sasa nafika mahali ambapo mimi kama msomaji wa Nakivale nasimama mbali naye kidogo. Watu wa Kigoma wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maofisa wa uhamiaji huwasumbua, huwahoji uraia wao kwa lafudhi yao, kwa majina yao, kwa kuwa wanafanana na sisi wa ng'ambo. Ni malalamiko ya haki. Zitto ameyasemea, na wabunge wengine wa mkoa huo pia. Lakini angalia jinsi utetezi huu unavyojengwa, autoe nani. Unasema: hawa si Warundi, hawa si Wakongo, hawa si wakimbizi, ni Watanzania, kwa hiyo msiwasumbue. Ile "kwa hiyo" inabeba mzigo usiosemwa. Kama kutosumbuliwa kunatokana na kutokuwa mkimbizi, basi mkimbizi anasumbuliwa kwa haki. Sidhani kwamba msemaji yeyote wa Kigoma angekubali sentensi hiyo akiulizwa moja kwa moja. Hoja yake inaikubali kwa niaba yake.

Na ingewezekana kujenga vingine. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili sheria ya uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika. Nyerere alisimama akakataa uraia wa rangi, na akasema wazi kwamba Serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Hakuwatetea Wahindi na Wazungu kwa kusema kwamba wao ni Waafrika wa aina fulani. Aliikataa ile ngazi yenyewe. Na nchi hiyohiyo, miaka hamsini baadaye, iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokuwa wamekimbilia humo tangu mwaka 1972 na kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wa Nakivale, makazi yaliyoanza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, wanajua maana ya miaka hamsini. Wapo waliozaliwa hapa wakazaa hapa.

Suala la nani anaulizwa linaleta hotuba ya mwisho, ambayo ni barua. Januari 2020 Zitto aliiandikia Benki ya Dunia kwa Kiingereza, akiomba isimamishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500, kwa sababu Tanzania ilikuwa ikiwazuia wasichana waliopata mimba kurudi shuleni. Bungeni aliitwa msaliti. Benki iliidhinisha mkopo mwezi Machi, na Serikali ikaondoa katazo hilo Novemba 2021, chini ya rais mwingine. Wenzangu darasani waligawanyika juu ya barua hii kuliko juu ya kitu kingine chochote cha Zitto. Waganda wengi waliona vibaya mbunge kuomba wageni wawanyime watoto wa nchi yake fedha. Sisi wa kambini hatukushtuka. Sisi kila swali letu ni barua ya namna hiyo. Hatupigi kura Isingiro wala nyumbani. Tunachagua viongozi wetu wa wakimbizi, nao wanauliza maofisa na mashirika ambao hatukuwachagua na ambao hatuwezi kuwaondoa. Kwa hiyo nilimwelewa Zitto, na bado naiona barua ile kuwa dhaifu kuliko ripoti ya Escrow, kwa maana zote mbili za neno hilo. Ripoti ilimwuliza mwenye fedha mbele ya wenye nchi, kwa lugha yao. Barua ilimwuliza mwenye fedha tu, na wasichana wenyewe hawakuweza kuisoma.

Nimetumia viulizi hivi nje ya insha. Mwaka 2023, wakimbizi wa Uganda walipogawanywa katika makundi matatu ya msaada wa chakula na kundi la tatu likaondolewa kabisa, mikutano ya Nakivale ilijaa maswali ya "mna mpango gani juu yetu". Majibu yalikuwa ya mipango. Baadaye, katika kikundi chetu cha kusoma, tulikaa na wazee watano tukayaandika upya maswali yao kwa ajili ya kikao kilichofuata. Mama mmoja kutoka Fizi hakupenda. Alisema, "Mwanangu, hii yenu ni ya polisi. Mkubwa haulizwi hivi." Tukakubaliana naye nusu: salamu zibaki, "baba" na "mheshimiwa" zibaki, shukrani zibaki, ila kiulizi kibadilike. Swali lake lilikuwa juu ya mama mjane aliyewekwa kundi la tatu. Tukaandika: ni nani aliyejaza fomu yake, ni tarehe gani, na ni swali lipi kati ya yale ya fomu lililomtoa? Siku ya kikao aliuliza mwenyewe, akiwa amesimama, na karatasi hakuifungua. Afisa aliyekuwepo alijibu sehemu mbili kati ya tatu. Sehemu ya tatu alisema yuko mbioni kuifuatilia.